Mjane Mwenye Mume

Mtaani kwetu tulimwita Mjane, na aliitika. Mumewe alikuwa hai, akikaa upande wa pili wa mji, akivuta tumbaku barazani kwake na kusalimiana na wapita njia. Mgeni akiuliza kwa nini mwanamke yule anaitwa Mjane, aliyeulizwa alitazama kwingine. Mimi sikutazama kwingine. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu enzi za vita, tukiwa wanawake vijana wote wawili, yeye akinizidi umri kidogo na ulimi sana, kwa hiyo acha niseme mimi.

Ulimi wake ulikuwa wembe. Mke wa jirani akipita na kanga mpya, Mjane alimsifia kanga, akamsifia rangi, kisha akamwuliza kwa upole kama mumewe ameanza tena kwenda kule anakokwenda. Hata hivyo, binti wa mtaani alipokaribia kuolewa, mama yake alimpeleka kwa Mjane afundwe. Wazazi walimwogopa na walimpelekea watoto wao, na siku ya harusi walimkalisha mbele.

Aliwafundisha yale yote yanayofundishwa, usafi na upishi na namna ya kumpokea mume. Mama mtu akishaondoka, aliongeza lake. "Siku za mwanzo mwombe kitu kidogo kisicho na gharama," alisema, vidole vikiendelea kusuka ukindu. "Mwambie afunge dirisha. Kisha mtazame usoni anapoinuka." Wasichana walicheka. Mmoja alirudi kwake baada ya muda mfupi, ameshikilia shavu, analia. Mjane hakuacha kusuka. "Rudi kwake au usirudi," alimwambia, "lakini usinililie hapa, utanilowesha ukindu wangu."

Nilimchukia siku ile. Kisha nikaona ametoka na mwiko mkononi kwenda nyumbani kwa yule bwana, na sijui walizungumza nini, ila binti hakushika shavu tena. Ndivyo alivyokuwa. Wema aliufanya kwa siri, ubaya hadharani.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alikuwa na kibali cha Wareno cha kwenda Mtwara kuleta mzigo, na utotoni alisoma Lindi kwa Waingereza, akarudi na hadithi ambazo hakuna aliyemwomba. Alasiri moja alitueleza kwamba Waingereza wana michezo ya kale ya kuigiza, ya misiba, ambamo watu huoana kwa mapenzi makubwa kisha ndoa inawaua. Mume huamini neno la mtu wa nje kuliko la mkewe. Mke humsukuma mume atende jambo ambalo wote wawili hawaliwezi. Wengine wanatunga uongo ili wakae pamoja, na uongo unawafikisha kaburini. Mwisho jukwaa linajaa maiti, watu wanafuta machozi, wanakwenda zao.

Nilidhani Mjane atacheka. Aliacha kusuka.

"Wanakufa wote wawili?" aliuliza.

"Mara nyingi," mume wangu akasema.

"Siku ileile?"

"Karibu."

"Basi hao wana bahati, shemeji. Sijaona msiba hapo."

Alijua anachokisema, maana yeye na mumewe nao walitunga uongo. Wareno walikuwa wametukusanya katika kijiji cha waya wa miba, vijiji walivyoviita aldeamento, ili tusiwalishe wapigania uhuru walioko msituni. Lango lilikuwa moja. Funguo alizishika mtu wetu wenyewe, mswalihina wa pwani hii hii, ambaye Wareno walimfanya kapitao, msimamizi wao juu yetu. Mwanamume akikosekana kijijini, mkewe alipelekwa posto, kituo cha Wareno, akaulizwe, na huko posto waliuliza kwa mikono.

Mume wa Mjane aliamua kuvuka Ruvuma kwenda kuwabebea mizigo wapiganaji. Ili mkewe asiulizwe, walikubaliana mume afe. Alipewa ruhusa ya kwenda kukata boriti za mikoko, na mtumbwi wake ukaokotwa umepinduka, shoka limo, yeye hayumo. Mjane alipiga ukelele nilioufuata bila viatu. Hapakuwa na maiti wa kuosha, bahari imemchukua, tukasema. Mwalimu wa msikiti akasoma khitma, sisi tukapika, na Mjane akaingia edda, amevaa nyeupe, haonekani na wanaume. Mimi nililia kwenye khitma ile mpaka sauti ikanikauka. Nilipokuja kujua ukweli, nilimwambia kwamba ameniibia machozi yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ungejua ungelia vibaya," alisema. "Kapitao alikuwa anakutazama wewe, hakuwa ananitazama mie."

Mumewe alikuwa amemwahidi kwamba vita vikiisha atarudi na kusema mwenyewe mbele ya watu kwamba yote waliyatunga wawili. Ahadi hiyo aliitunza Mjane kuliko dhahabu zake za harusi, ambazo aliziuza mapema akanunua mchele.

Edda ilipokwisha, Kapitao akaleta posa. Alikuwa amefiwa na mke, si mzee, msafi wa nguo, na kila mtu alijua anayoyapeleka posto. Mjane alikataa kwa adabu, akasema moyo haujapoa. Posa ikarudi. Akasema anaumwa. Wanawake wengine walimwonea wivu, kwa sababu nyumbani kwa Kapitao sukari haikukosekana.

Hapo ndipo yalipotokea ya fundi cherehani. Huyu alikuwa mtu mpole, mpenda watu, naye pia alikuwa na kibali cha kwenda Mtwara kutafuta uzi na vifungo. Aliporudi safari hiyo alikuja moja kwa moja barazani kwa Mjane, uso umemng'aa kwa furaha, na mbele ya watu waliokuwa wakinunua mihogo akapaza sauti.

"Dada! Nipe zawadi! Mumeo nimemwona sokoni Mtwara kwa macho yangu haya, yu mzima, hana hata kovu!"

Masikini, alidhani anamletea mwanamke habari njema kuliko zote. Mjane alivua kiatu akampiga nacho usoni. Alimpiga tena, huku analia, anamwita mwehu na mlevi, anasema mtu huyu anamchezea maiti wake, hivi pwani hii haina wanaume wa kumtetea mjane? Akajirusha chini. Sisi tukamshika. Kapitao alifika, akasikiliza, akampeleka fundi posto.

Huko walimpiga kwa palmatoria, kile kibao cha mti chenye matundu, kwenye viganja, siku baada ya siku, wakimtaka aseme nani kamtuma kuvumisha maneno. Hakuwa na la kusema. Walipomrudisha, vidole vilikuwa vimevimba na havikunyooka tena, na cherehani yake ikauzwa. Mjane alimpelekea chakula kila siku ya Mungu, vita vyote na baada ya vita, mchuzi wa nazi, samaki aliyetolewa miiba kwa sababu vidole vile havikuweza kuchambua. Hakumwomba radhi hata siku moja. Fundi alikula chakula chake, na mpaka anaingia kaburini hakumjibu salamu. Niliwahi kumwambia Mjane, kwa nini usimwombe msamaha mtu wa watu? "Nikimwomba atanisamehe," alisema. "Yule ni mtu mwema. Nitafanya nini na msamaha wake, nao haurudishi kidole?"

Siku fundi aliporudi kutoka posto, Kapitao naye alikwenda kwa Mjane. Alikaa barazani, akapewa maji, akayanywa. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Fundi nimempeleka kwa ajili yako," alisema. "Umesema mumeo amekufa, nimekuamini. Mwanamke aliyefiwa, asiye na mtoto, anayekataa posa njema, anangoja nini?"

"Sijakataa," Mjane alisema. "Nimeomba muda."

"Chukua. Mwezi ukiandama nitaleta mashahidi. Ukikataa nitajua fundi alisema kweli, na siku hiyo si mimi nitakayekuuliza."

Mjane alikuja kwangu hajavaa hata viatu, na hapo ndipo aliponieleza yote, kuanzia mtumbwi. Kisha akamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa anajiandaa kwa safari yake ya nguo.

"Shemeji, nenda kamtafute. Mwambie aniache. Aseme neno la talaka mbele yako na mtu mwingine mmoja, uniletee. Niingie kwa mtu huyu nikiwa si mke wa mtu. Nitakalolifanya nitalifanya kwa ajili yake, ila asinifanye mzinzi. Akirudi tutaoana upya."

Sijapata kuona mtu aliyeombwa kitu kidogo namna ile. Neno moja, lisilo na gharama, lenye kumwokoa mwanamke na moto wa duniani na wa akhera.

Mume wangu alimpata ng'ambo, karibu na mto. Alimweleza. Yule bwana akasema, "Mwambie simwachi mke wangu kwa ajili ya mbwa wa Wareno. Avumilie."

"Avumilie nini?" mume wangu akamwuliza. "Watampeleka posto. Unajua watu wanavyotoka huko."

"Yeye hatasema."

"Na akifa?"

"Simwachi," alisema yule bwana, na machozi yakamtoka. Mume wangu aliniambia machozi yalikuwa ya kweli, kwamba yule mtu alimpenda mkewe. Nilimjibu kwamba mapenzi ya namna hiyo ayapeleke kwa Waingereza wake wakaigize.

Mjane alisikia jibu akiwa amesimama. Aliolewa na Kapitao baada ya swala ya Ijumaa, mwalimu yuleyule aliyesoma khitma akafungisha ndoa, akijua anamwoza mjane. Tulikula wali. Bibi harusi aliniambia sikioni kwamba kwenye chumba hiki cha wanawake wanaojua ni mimi, yeye na Mungu, na kwamba wa kuchelewa kuhukumu katika hao watatu ni Mungu peke yake.

Na sasa niseme jambo ambalo watu hawapendi nilitaje. Kapitao alikuwa mume mwema. Yule aliyewauza watu akitoka, akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni ili asichafue alipofagia mkewe. Mjane alipougua homa alimkorogea uji, akampepea, akamwogesha. Hakuwahi kumwinulia mkono. "Ningekuwa na raha kama angenipiga," Mjane aliniambia. "Ningejua namchukia saa zote."

Huku akimpakulia, alimsikiliza. Kapitao alipenda kuzungumza akila. Askari wataingia msituni upande upi, lini, wangapi, alisema yote mbele ya sinia, na Mjane alinipa mimi, nikampa mume wangu, naye akayavusha. Mara moja askari walichoma kambi ambayo waliokuwa wakilala humo walikuwa wameshahama. Mume wa Mjane alikuwa mmoja wao. Alihama kwa neno lililotoka kwenye sinia la Kapitao, huku mkewe analala na Kapitao huyo kwa ajili yake, na hayo yote aliambiwa, mume wangu alimwambia mwenyewe.

Vita vikaisha. Wareno walifunga mizigo, na Kapitao akapanda lori lao kwenda kusini. Alimwomba Mjane waende wote. Alimwomba vizuri. Mjane alimfungia nguo zake, akamfungia na mkate wa njiani, akabaki. Ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo, na sasa mwenye mke anarudi. Akajitenga, akajitwaharisha, akangoja. Alipaka nyumba chokaa, akafukiza udi, akashona kanzu ya kiume kwa kukisia mwili wa mtu aliyemwona mara ya mwisho kijana.

Mumewe alirudi amekonda, na watu walimpokea kwa vigelegele. Waliofahamu khitma yake walimgusa kama wanagusa mzuka, wakicheka. Alikuja mpaka uani kwa Mjane, amezungukwa na nusu ya kijiji. Mjane alitoka. Hakuthubutu kumkaribia. Alisubiri aseme lile aliloahidi kusema.

"Nimesikia umeolewa," alisema.

Mjane akamtazama mume wangu, na mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mwoga. Alisimama akasimulia kila kitu mbele ya watu, mtumbwi, posa, fundi, kambi, na jinsi yeye mwenyewe alivyotumwa kuomba talaka ili mwanamke huyu asiingie katika haramu. Nilidhani amemwokoa. Niliona hata wanawake wenye vijicho wameanza kufuta macho.

"Ni kweli," yule bwana akasema. "Alileta maneno kwamba nimwache. Na mimi nilikataa. Nyote mmesikia? Nilikataa. Basi alijua ni mke wa mtu. Asingejua, ningesema alidanganyika kama nyinyi. Alijua, akaenda."

Kitu pekee alichokifanya Mjane kwa kumwogopa Mungu kiligeuzwa kuwa ushahidi juu yake, na kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba mwalimu mwenyewe alitikisa kichwa kukubali.

"Basi niache sasa," Mjane alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kama hunitaki, niache."

Yule bwana akatazama watu, akatabasamu. "Mlinisomea khitma. Maiti hatoi talaka."

Watu walicheka. Nasema walicheka, na nawajua mmoja mmoja.

Tangu siku ile jina la Mjane likamganda. Hakumchukua, hakumwacha. Alioa mwanamke mwingine, akazaa naye, akakaa upande wa pili wa mji. Kila Idi Mjane alimtuma mtu kumwomba neno lake, na kila Idi lilirudi jibu lilelile la maiti, mpaka watoto wakawa wanalifanyia mchezo. Waliompenda walikuwepo. Seremala mmoja alimngoja mpaka mvi zikamtoka. Mjane alikwenda kwa mwalimu aombe ndoa ivunjwe, na mwalimu akasema mume yupo na anajulikana aliko. Ukweli ni kwamba mwalimu aliogopa jambo lisije likafufuliwa, maana yeye alimsomea khitma mtu aliye hai na akamwoza mke wa mtu, na aibu yake aliipenda kuliko haki ya mwanamke. Namsema, ingawa ameshakufa.

Na Mjane huyohuyo, mtu akimtukana mumewe mbele yake, alimgeuzia meno. Nilifanya kosa hilo. "Wako yuko ndani," aliniambia. "Mtukane huyo."

Mara ya mwisho kutoka naye ilikuwa siku alipofariki yule bwana, kwa ugonjwa wa tumbo, sisi sote tukiwa wazee. Alikuja mpwa wa marehemu, anaangalia chini, akasema bibi anaitwa msibani. Nilidhani atakataa. Alivaa, akachukua fimbo, tukaenda, mimi nyuma yake.

Tuliwakuta wanawake wamejaa ndani na maiti ameshakafiniwa, bado uso tu. Mke wa pili alikuwa amekaa pembeni na binti zake, macho mekundu. Mwalimu mpya, kijana aliyesoma Unguja, alisimama mlangoni kwa adabu. Alikuwa ameulizia habari za marehemu kama ilivyo desturi kabla ya jeneza kutoka, na akaelezwa kwamba yuko mke mwingine, wa kwanza, ambaye hajaachwa.

"Bibi," alisema, "mkewe mdogo amekwisha mwia radhi. Tumebaki na wewe. Mwie radhi, akapumzike."

"Mimi ni nani kwake?" Mjane aliuliza.

Kijana alishangaa. "Wewe ni mkewe, bibi."

"Sikusikia vizuri. Masikio yangu ya kizee."

"Wewe ni mkewe," akarudia kwa sauti. "Kwa sheria, tangu siku aliyokuoa mpaka leo. Hakuna aliyesema alikuacha."

Mjane aligeuka akawatazama wanawake waliojaa chumba kile, mmoja mmoja, taratibu, na wengi wao walikuwemo uani siku ya kicheko. Hakuna aliyemkabili macho. Kisha akainama juu ya maiti, akamweka sawa pamba ya sikioni iliyokuwa imelegea, kwa kidole kimoja, kwa upole.

"Basi mimi mkewe," alisema, "simwii radhi."

Mke mdogo alipiga yowe. Binti zake walimshika Mjane miguu, watoto wasio na kosa, wakilia, bibi tafadhali, bibi kwa ajili ya Mungu. Mwalimu akamsihi, akamtajia mtume, akamtajia kaburi. Nje wanaume walikuwa wameanza kukohoa, jua linapanda. Hata mimi nilimvuta kanga, nikamwambia, dada, neno moja tu. Aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza, nikaiachia kanga yake. Alijitoa mikononi mwa wale mabinti polepole, bila kuwasukuma, akachukua fimbo. Walilitoa jeneza vilevile.

Njiani hakulia. Tulipofika kwangu alikaa kwenye mkeka akaomba chakula. Nilimpakulia wali na mchuzi wa pweza uliobaki, akala kwa mkono uliotulia. Nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kama hamwogopi Mungu.

"Namwogopa," alisema. "Ongeza mchuzi."